Kituo cha Tatu ni Lupango Yangu

Falonne aliandika vituo vya safari yake nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Mjukuu wangu huyu, anayeniita Kambo, yaani bibi, alisomea mambo ya hoteli na wageni kule Lubumbashi, akarudi Kolwezi na wazo moja tu kichwani: kuwatembeza watu siku nzima, asubuhi mpaka jioni, mahali vita vilipopita. Watu kumi na mmoja walikuwa wamejiandikisha. Wengi ni ndugu au watoto wa waliokuwa hapa mwaka sabini na nane, katika vile tunavyoviita vita vya siku sita.

"Kambo, sikiliza. Saa kumi na mbili, gare ya treni. Kituo cha pili, masomo, ile shule kwenye batu balijificha. Kituo cha tatu..." Akanitazama kama mtu anayeficha zawadi mgongoni. "Lupango yako! Kaburi ya askari. Kisha tunaenda Mutshatsha, tunakula, tunarudia."

Nilikuwa nachambua maharage. Nikatupa maharage, nikabakiza mawe.

"Toa ya tatu," nikasema.

"Kambo! Njo ya maana kupita yote. Nilitia picha kwa WhatsApp, batu balilia."

Hapo sina budi kukueleza wewe unayesoma, maana Falonne sikuwa nimemweleza. Katika kaburi lile, lililo kwenye lupango yangu, yaani kiwanja cha nyumba yangu, hakuna askari. Hakuna mtu yeyote. Ni choo.

Ni choo chetu cha zamani. Miaka kumi na miwili jamaa yangu yote ilichutama pale, na marehemu mume wangu alikaa humo zaidi kuliko alivyokaa kanisani. Kilipojaa tukakifukia, tukachimba kingine, basi. Halafu miaka ikapita, mtaani kwetu wakagundua kobalti chini ya nyumba. Wachimbaji wakaingia kila lupango. Jirani yangu Angèle aliwakubalia wachimbe nyuma ya jiko; mvua ya kwanza tu, jiko likaingia shimoni na sufuria juu ya moto. Chumba cha kulala kikafuata. Siku hizi Angèle anapanga kwa dada yake Fungurume.

Ndipo Stany, mkubwa wa wachimbaji, alipokuja kupima kwangu kwa hatua zake ndefu. Nikamwambia, "Pima, mwanangu, lakini pale usikanyage. Tulizika askari." Wachimbaji hawaogopi polisi, hawaogopi mvua, lakini mifupa wanaiogopa, wanasema shimo lenye mtu hufunga mlango nyuma yako. Kesho yake nikapanga mawe, nikayapaka chokaa. Nikasimamisha msalaba wa vyuma vya kitanda. Juu yake nikaweka kofia ya askari, yaani sufuria yangu iliyotoboka, masikio nimeyang'oa kwa nyundo. Miaka sita nimelala salama juu ya choo changu.

Kumbe uongo nao unakua na kupata wageni.

Jumamosi, wiki moja kabla ya safari, Falonne alitaka tufanye majaribio ya vituo vyote. Akaja kwa gari na mgeni mmoja aliyeomba kutangulia wenzake, Tata Mbayo, yaani Mzee Mbayo, mwalimu aliyestaafu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Kaka yake, Mukuna, alikuwa askari wa serikali ya wakati ule. Alitumwa Kolwezi, hakurudi.

"Mama yetu angali hai, kule Kabongo," akaniambia. "Macho yamekwisha, masikio yako. Tangu mwaka ule amekataa kufunga kilio. Anasema hatafunga bila udongo."

Nilijua anachosema. Kwao, mtu akifia mbali, udongo wa kaburi lake ndio yeye. Unaufunga katika kitambaa cheupe, unaupeleka nyumbani, mama anaushika, anajipaka usoni pamoja na pemba, ule udongo mweupe wa baraka. Basi, mtoto amerudi, kilio kimekwisha.

Stany naye alijua. Alikuwa amesimama kwenye uzio wangu na wachimbaji watatu, majembe begani.

"Jambo, Mama Honorine! Nimesikia mwenye mutu amefika. Sawa tu. Akibeba mutu wake, lupango inabakia bule. Siku ya kazi moja tunaanza."

"Stany, wewe hata kifo unakipima kwa hatua."

"Chefu wa kartie, mukubwa wa mtaa wote, amekubali, mama. Mi sina maneno."

Unaona nilipofika. Nikinyamaza, mama mzee wa Kabongo atajipaka usoni choo changu, na Stany ataniangushia nyumba. Nikisema, mama mzee ataokoka, lakini Stany ataniangusha palepale, bila hata kungoja hiyo Jumatatu yake.

Nikajaribu ujanja. "Tata, ndugu yako alikuwa mrefu? Huyu wetu alikuwa mufupi, mufupi kabisa. Ukimpeleka, mama atauliza nusu nyingine imeenda wapi."

Falonne akanikanyaga mguu. Tata Mbayo hakucheka.

"Mama, hata kama si yeye. Alikuwa mtoto wa mtu, na ninyi mmemtunza. Inatosha."

Afadhali angenipiga kofi. Akavua viatu, akapiga magoti. Akatandaza kitambaa, akachota udongo kwa mikono miwili, akauweka katikati, akazungumza na kaka yake kwa Kiluba, polepole, habari za nyumbani, nani amekufa, nani amezaa. Wachimbaji wakavua kofia. Kisha akachovya kidole katika ule udongo, akakiinua kuelekea paji la uso.

"Tata, acha!" Nilipiga kelele hata kuku wakaruka. "Usijipake! Hapo hakuna mutu. Ni choo!"

Nikasema yote: kobalti, chokaa, kitanda, sufuria. Falonne alikuwa ameshika karatasi yake ya vituo na macho yamejaa maji. "Kambo, umeniua," akanong'ona.

Tata Mbayo alikitazama kidole chake. Akakipangusa kwenye nyasi. Akakiinua kitambaa, akaumwaga udongo palepale alipoutoa, akakikung'uta mara mbili, akakikunja.

"Umecheza na mama yangu," akasema.

Stany alicheka mpaka akashika uzio. "Choo! Miaka sita! Haya, batoto, ingieni!"

Hakuna aliyeingia.

"Hamusikie? Ni choo!"

"Chefu, umeona mwenyewe," akasema mchimbaji mmoja, mkubwa kwa umri, anarudi nyuma. "Alimuchukua, alimusemesha, kisha akamurudisha. Mutu akirudishwa hivyo, anakuwa mukali. Na huyu mama, ni siku gani alisema kweli? Shuka weye."

Walikwenda zao, wote watatu, majembe begani. Stany akabaki peke yake na mdomo wazi.

Lakini mimi sikuwa na nafasi ya kufurahi. "Tata," nikasema, "panda gari. Nitakuonyesha pa kweli."

Hakutaka. Falonne ndiye aliyemfungulia mlango, bila kuniangalia. Tulikwenda kando ya reli, nyuma ya magazini, ghala la zamani la mahindi, ambalo sasa ni kuta tatu na majani. Hapo, vita vilipokwisha, walizikwa askari saba wa serikali kwa haraka. Niliona, nilikuwa naleta maji. Sijapasema hata siku moja, na sababu yake si mzaha.

"Mmoja wao nilimvua viatu," nikamwambia Tata Mbayo. "Mume wangu alikuwa anakwenda kazini miguu wazi. Alivivaa miaka minne. Vilikuwa vikubwa mno, tulijaza magazeti mbele."

Nilingoja anitukane. Aligeukia reli, gari moshi la shaba likapita lote, behewa kwa behewa.

"Vikubwa namna gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono.

Akatoa sauti, sijui ilikuwa kicheko au nini. "Mama alikuwa anamfukuza jikoni. Anasema Mukuna akiingia anakanyaga vifaranga."

Hatujui kama ni yeye. Walikuwa saba. Lakini alitandaza kitambaa, akachota, na safari hii nilipiga magoti naye, mimi na miguu yangu mibovu. Falonne alingoja mpaka kitambaa kikafungwa. Kisha akatoa karatasi, akakata lupango yangu kwa mistari miwili mizito, akaandika: Reli. Kambo ataeleza mwenyewe, na viatu.

"Na viatu?" nikauliza.

"Na viatu," akasema.

Stany bado anapita kila asubuhi kuangalia kama wachimbaji wake wamepata moyo. Hakuna aliyepata. Mi namwita kwa ukarimu kabisa: "Karibu, mwanangu, chimba! Ni choo tu, naapa." Na kila nikiapa, anarudi nyuma hatua moja.