Jicho la Jirani

Adèle alikiona kitanzi cha uzi kikichomoka kwenye sindano ya kufumia ya Hadassa, akakaa kimya. Wala hakukiona kwa bahati, kwa pembe ya jicho, kama alivyojidanganya baadaye. Alikiona vizuri, jinsi mtu anavyomwona nzi aliyeanguka kwenye maziwa ya mwenzake, na alipokwisha kukiona akashusha macho kwenye kazi yake mwenyewe na kuiharakisha mikono.

Wapo watakaosema kitanzi ni kitu gani hata kimkoseshe mtu usingizi. Hao hawajui desturi ya akina mama hawa.

Kila mwaka, mvua zikipungua, akina mama wafumaji wa parokia moja ya Butembo hukutana na wenzao wa kanisa moja la Kiprotestanti la Beni. Mwaka huu huyu ndiye mwenyeji, mwaka ujao yule. Asubuhi hufumua matrikoti, yaani masweta ya mitumba yaliyochakaa, na kuzisokota upya nyuzi zake, mbili mbili, kwa kijiti kinachozunguka kama pia. Baadaye hukaa kushindana kufuma kofia za watoto wachanga. Kofia hizo hupelekwa kwenye maternité, wodi ya wazazi, na tangu watu wa Kanyabayonga waanze kukimbia vita na kuja huku na magodoro yao kichwani, hazijawahi kutosha.

Utani haukosekani. Wa Butembo husema Beni ni joto tupu, kule anayevaa kofia ya sufu ni mwenye malaria peke yake, basi wale mama wanafuma kwa ajili ya nani? Wa Beni hujibu kwamba watu wa Butembo wangekuwa na gunia la kutosha wangeufunga hata ukungu wao na kwenda kuuza mpakani Kasindi. Watu hucheka, chai hunywewa, kazi huanza.

Lakini kuna jambo moja lisilotaniwa. Mama wa Butembo huketi ubavuni mwa mama wa Beni, na kila mmoja ni jicho la mwenzake. Ukiona kitanzi kimeanguka kwenye kazi ya jirani, sema papo hapo, hata kama jirani huyo ndiye anayekushinda. Kofia si ya mshindi, ni ya mtoto. Kitanzi kilichoanguka hufungua ngazi ya matundu kwenye ufumaji, na kidole cha kichanga kikiingia humo, uzi hukinyonga. Sheria hiyo ni ya zamani kuliko mashindano yenyewe.

Adèle na Hadassa walikuwa wamezoea kukaa pamoja. Hadassa, aliye mdogo kwake, alimwita yaya, yaani dada mkubwa. Mwaka uliotangulia, huko Beni, Adèle alidondosha kitanzi bila kujua, na Hadassa, aliyekuwa nyuma yake kwa mistari michache tu, akamgusa goti na kumwonyesha. Adèle akakiokota, akashinda, akarudi Butembo na kuku wa zawadi. Alimla kuku yule kwa furaha. Hakukumbuka kumpelekea Hadassa hata salamu.

Safari hii zawadi haikuwa kuku. Mama Kasika, mkubwa wa kikundi cha Butembo, alikuwa ametangaza kwamba atelier, karakana ya wasichana iliyo karibu na parokia, inatafuta mwalimu wa kufuma, na kwamba atakayeshinda ndiye atakayepewa kiti hicho. Hadassa alikihitaji. Shamba lake lilikuwa Mbau, na kwa hofu ya watu wa msituni hakuweza tena kulikanyaga. Alikuwa amejibanza na watoto wake katika chumba cha shangazi yake Beni, akingoja ya Mungu. Adèle naye hakuwa na njaa. Mumewe Stanislas alikuwa akifanya biashara Kasindi na kutuma alichopata. Alichokosa Adèle ni sauti ya mtu nyumbani. Alitaka kuamka asubuhi, avae vizuri, apite sokoni watu wakijua anakwenda wapi, na akifika wasichana wamsimamie na kumwita maître, yaani mwalimu. Aliyajua ya Mbau, na alikuwa ameshamlilia Hadassa machozi ya kweli. Kwa hiyo asionewe huruma upesi.

Basi siku hiyo Hadassa alikuwa mbele. Mikono yake ilikuwa myepesi, na kofia yake, ya rangi ya karoti, ilikuwa inakaribia kufungwa utosini. Hapo ndipo Mama Kitsa wa Beni alipoanza kusimulia jinsi mumewe alivyovaa sketi gizani akidhani ni suruali, akafika nayo hadi kwenye bariere, kizuizi cha askari barabarani. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Hadassa akajiinamia kwa kicheko, na kitanzi kikatoka.

Adèle alijiambia: atakiona mwenyewe, mstari ujao. Mstari ujao ukapita. Akajiambia: nitasema nikimaliza huu wangu. Alipoumaliza, akaona kwamba sasa Hadassa angelazimika kufumua sehemu kubwa, angechelewa na kuumia moyo mbele ya watu, afadhali aachwe kwa amani. Tazama jinsi moyo wa binadamu ulivyo fundi: kwa mistari mitatu tu, wizi umegeuka huruma. Wakati mmoja Hadassa aliinua uso na kumtazama. Adèle akatabasamu. Hadassa akatabasamu pia na kuendelea.

Mama Kasika hupima kofia kwa namna moja. Huingiza ngumi ndani na kuikunjua polepole. Ya Hadassa, iliyomalizika ya kwanza, ilijaa vizuri mkononi, kisha ukasikika mlio mdogo wa uzi ukiteleza, na ngazi ikafunguka ubavuni, ikashuka hadi kwenye ukingo wa sikio. Akina mama wakaguna. Mama Kasika aliirudisha mezani na kuchukua ya Adèle. Ilikuwa safi.

Hadassa alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Akasema kwa kicheko kwamba mume wa Mama Kitsa na sketi yake ndio waliomfumulia kofia, na watu wakacheka tena, wakafurahi kuona hana kinyongo. Adèle alisimama kupokea pongezi. Walipokaa kula fufu na nyama ya mbuzi, Hadassa mwenyewe ndiye aliyemletea sahani, akachagua kipande kizuri, na Adèle akatafuna bila kumeza. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga. Hadassa alikuwa amekaa nacho bega kwa bega tangu asubuhi, akakipakulia na chakula.

Gari la Beni lilitaka kuondoka mapema, kwa maana barabara ile haichezewi jua likishuka. Adèle akajitolea kumsindikiza Hadassa na kumbebea mfuko wake. Njiani alifungua mdomo mara kadhaa, na kila mara kikatoka kitu kingine: habari za watoto, bei ya maharage, vumbi. Aliona haya, na aliona hasira pia, hasira ya kijinga juu ya Hadassa kwa kuwa hamlaumu. Angemshuku kidogo tu, pangekuwa na mahali pa kuanzia.

Walipofika kwenye gari, Hadassa ndiye aliyeanza.

“Yaya, hapana kuhuzunika juu yangu,” alisema. “Minakuona tangu saa ile hauna furaha. Unajua, hata mimi pale katikati nilikuwa na wasiwasi. Mikono ilisikia uzi inalegea. Nikakuangalia. Nikaona macho yako iko pa kazi yangu, na ukanichekea. Nikasema mu roho: kama kuko maille yenye imeanguka, Yaya Adèle atasema. Donc nikaendelea.”

Tangu mashindanoni Adèle alikuwa akijitetea kwamba hakufanya kitu, kwamba kosa lake lilikuwa kunyamaza tu. Sasa alielewa kwamba hakunyamaza hata kidogo. Aliulizwa, akajibu, na jibu lake lilikuwa uongo.

“Niliiona, Hadassa,” alisema. “Niliona inaanguka. Nilinyamaza juu nilitaka ile kiti.”

Hadassa alimtazama. Uso wake haukukunjamana; ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake na mtu asiyemfahamu. Akachukua mfuko wake, akapanda garini, akaupakata. Adèle alibaki chini dirishani akiomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kinande na kwa machozi, abiria wakigeuka kumwangalia, na kondakta akimwambia asogee gari litoke.

“Nimesikia,” ndilo pekee alilojibu Hadassa, na gari likaondoka.

Adèle alirudi ukumbini, walikokuwa wakiimba na kufagia, akaungama mbele ya wote. Nyimbo zikakatika. Mama Kasika akasema kiti ni cha Hadassa, na kwamba mwakani Adèle hatashindana, atapika. Wengine walimgeuzia mgongo. Wengine walimshika mkono na kumsifu kwa ujasiri wake, na sifa hizo zilimchoma zaidi, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyemwona akitabasamu.

Hadassa alihamia Butembo na watoto wake. Huwezi kusema alimchukia Adèle. Wakikutana sokoni alimsalimu vizuri na kuuliza habari za Stanislas. Sikukuu ya Pasaka alimtumia maparachichi. Adèle alipokwenda kwake kumwomba msamaha tena, Hadassa alimwambia kwamba alikwisha kusamehe, wakasali wote wawili, na Adèle akaamini, kwa kuwa Hadassa si mtu wa kusali uongo.

Ndipo Jumamosi moja akina mama walipoalikwa atelier kufuma pamoja na wasichana. Adèle aliingia akichunga ukuta, akitafuta pa kujificha, lakini Hadassa alipiga kiti kilichokuwa ubavuni mwake na kumwita, “Yaya, ikala hapa.” Adèle akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, pumzi ilimshuka hadi tumboni. Walifuma, wakaongea, wakacheka kidogo. Adèle akaanza hata kuyaelekeza macho yake kwenye kazi ya jirani yake, kama zamani, tayari kusema hata kwa jambo dogo kabisa.

Hadassa alipofika mwisho wa mstari wa tatu, alisimama. Akampita Adèle kwa adabu, akavuka chumba, akaipeleka kofia yake kwa Bénie, binti aliyeanza masomo juma lile na ambaye sindano zilikuwa bado zinamtoroka vidoleni.

“Niangalilie kama kuko maille yenye imeanguka,” alimwambia.

Bénie aliangalia kofia, akamwangalia mwalimu wake, kisha akamwangalia Adèle kule alikokaa.

“Maître, lakini Mama Adèle njo iko karibu yako.”

“Angalia tu,” akasema Hadassa.