Njia ya Kwenda Kwenye Tanuri

Kitambaa kilikuwa kimegandia kwenye kidonda, na kila Mama Masizi alipokivuta, mwanawe aliuma kola ya shati na kukodolea macho mabati. Mguu ulikuwa umezama kwenye tanuri la mkaa hadi kifundoni. Alipanda juu ya tanuri kuziba tundu lililokuwa likitoa moshi, udongo ukatitia, na chini ya udongo kulikuwa na moto tu.

"Maji ya chumvi tena, mama? Unanikoleza kama nyama."

"Nyamaza. Nyama haina mdomo."

Mtaa mzima ulimwita kijana huyo Masizi, maana hakuna sabuni iliyoweza kumtoa weusi wa kwenye kucha. Alichoma mkaa ndani ya hifadhi, kwa kujiiba. Shamba la babu yake lilikuwa humo humo ndani. Siku waya wa mpaka wa hifadhi ulipopitishwa, wao walibaki upande huu na shamba likabaki upande ule, na tangu siku hiyo kukanyaga pale alipozaliwa baba yake kukawa kosa la jinai.

Mama Masizi alifunga kitambaa kipya, kipande cha shuka kuukuu, akasema lile alilokuwa amelibana kifuani tangu jana.

"Naenda ile kambi ya waandishi. Ya kutetea mazingira. Wiki nzima, huko huko msituni."

"Wewe?"

"Wanataka mtu mmoja wa hapa. Mwalimu mkuu kanitaja mimi, kwa vile nawaandikia watu barua."

"Makubwa! Mama yangu anaenda bweni." Masizi alisahau mguu, akacheka. "Usipigane na wenzako, sawa? Na wakikuibia kalamu, mwambie mwalimu."

"Cheka tu. Mkuu wa Hifadhi atakuwepo. Nitamwomba kibali cha kuni kavu, ile miti iliyoanguka yenyewe inaoza bure. Ukipata kibali utaingia mchana kweupe, kama mtu. Sitakaa tena roho juu kila mbwa akibweka."

Masizi aliacha kucheka. Aliutazama mguu wake. "Haya, mama. Kaombe."

*

Getini wageni walipita na mabegi yao mazito, wakisalimiwa. Mfuko wa Mama Masizi ulimwagwa mezani. Askari aliinua kanga yake, akaikung'uta, akaiacha hapo ajikunjie mwenyewe.

"Na wewe unaandika, mama?"

"Naandika."

"Dunia imekwisha," askari alisema, na wenzake wakacheka.

Viti vya turubai vilipangwa duara chini ya miti. Wageni walikuwa watu wa mjini, wapole, wenye viatu vya kupandia milima ambavyo havijawahi kupanda chochote. Aliyewaongoza walimwita Mkufunzi, mwanamke mwenye sauti laini, kama anayebembeleza mtoto wa mtu mwingine. Alisoma karatasi ya kwanza ya Mama Masizi, iliyoanza *Sisi wananchi wa hapa tunaomba*, akairudisha kwa upole.

"Mama, hii ni hotuba. Haina mtu ndani. Mkubwa wa ofisini akiisoma hii anapiga mwayo. Nipe mtu mmoja. Anapita wapi, anakanyaga nini, anasikia harufu gani. Nataka nifumbe macho na nifike."

"Si nitamponza?"

"Jina usilitaje. Halafu, kinachosemwa kwenye duara kinabaki kwenye duara. Ndiyo kanuni yetu."

"Hata Mkuu wa Hifadhi akiwepo?"

"Mkuu anapenda sana fasihi, mama. Siku ya kusoma anakuja kusikiliza tu, kama sisi."

Basi akaandika. Jina la mwanawe alilikwepa kama mtu anavyokwepa shimo njiani. Kila alipokaribia kuliandika aliinua kalamu, akavuta pumzi, akaweka *yule kijana*. Akisharuka jina, aliona yuko salama, na mkono ukakimbia. Aliandika kijito unachokivuka kwa mawe matatu, la katikati likicheza. Aliandika jiwe kubwa lililopasuka, na ufa wake ambao mtu mwembamba anapenya ubavu ubavu. Aliandika tanuri lililofunikwa majani na udongo, likipumua moshi mwembamba alfajiri wakati ukungu unauficha. Aliandika mguu pia. Alikuwa hajawahi kuandika vizuri namna ile maishani, na alilijua hilo.

Siku ya kusoma, Mkuu wa Hifadhi alikaa kwenye kiti cha turubai kama wengine, mwili ukikijaza, macho ameyafumba. Mama Masizi alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye mguu, binti mmoja wa mjini aliyekuwa akikaa naye kila siku alijifuta machozi. Alipofika mwisho, kwenye malori ya magogo yanayopita getini mchana na kizuizi kikiinuliwa kabla hayajapunguza mwendo, Mkuu alifumbua macho.

Wakapiga makofi.

"Hapo kwenye malori ningepaondoa, mama," Mkufunzi alisema, bila kumtazama Mkuu. "Panavuruga. Hadithi ni ya yule kijana."

"Kabisa," Mkuu alisema. "Malori ni mambo ya ofisi. Lakini kijana! Kijana anagusa moyo. Hebu niulize, mama, maana nimeliona kabisa lile jiwe. Ukishavuka kijito, linakaa kulia au kushoto?"

Mama Masizi hakuwahi kuulizwa swali na mkubwa akasubiriwa ajibu.

"Kulia, Bwana Mkuu. Jua la asubuhi hulipiga usoni."

"Hulipiga usoni!" Mkuu aliwageukia wengine. "Mnaisikia lugha hiyo? Na kutoka pale jiweni ni mbali?"

"Si mbali. Ukiita, mtu anaitika."

"Ukiita, mtu anaitika," Mkuu alirudia taratibu, kama anayeonja.

Makofi yakapigwa tena. Mama Masizi akaona ndio wakati wenyewe. Akakunja magoti kidogo, akasema la kibali, la kuni kavu, la miti inayooza bure.

"Tutaliangalia, mama," Mkuu alisema, na akamshika bega. "Tutaliangalia kwa jicho la pekee."

Alirudi kitini akiwa mwepesi. Binti wa mjini alimbana mkono. "Umeshinda, mama," akamnong'oneza.

*

Asubuhi iliyofuata walikuwa kwenye duara pikapu ya hifadhi ilipotokea katikati ya miti, ikaja mpaka karibu na viti. Mkuu alishuka upande wa mbele. Nyuma, juu ya magunia ya mkaa, alilala mtu kifudifudi, mikono imefungiwa mgongoni kwa kamba ya kushonea magunia.

"Ndugu wageni," Mkuu alisema, "mmekuwa mkiandika habari za msitu. Nimeona si vibaya mkamwona anayeumaliza."

Askari walimvuta miguu, akaanguka chini. Jicho moja lilikuwa limevimba na kuziba. Alikuwa amerudi tanurini akichechemea; hakuweza kukimbia kwa ule mguu, na kwa vile hakukimbia walimpiga pale pale, mpaka wakachoka.

Masizi aliinua uso. Akaona viti, akaona viatu, akapandisha jicho lake moja, akamwona mama yake akiwa na kalamu mkononi.

"Mama," alisema. "Na wewe wamekukamata?"

Askari mmoja aliangua kicheko. Mama Masizi alimjua, alikuwa jirani wa mtaa wa pili, aliwahi kumwandikia barua ya kuombea kazi hiyo hiyo.

"Akamatwe kwa lipi? Huyu ndiye aliyetuelekeza! Kijito, mawe matatu, jiwe liko kulia. Hatukupotea hata mara moja. Bwana we, mama yako anaandika!"

Masizi naye alicheka kidogo, kama mtu anayengoja mwisho wa utani. Mwisho haukuja. Alimtazama mama yake kwa muda, halafu akageuza uso upande wa pikapu.

Mama Masizi alikwenda kupiga magoti mbele ya Mkuu. "Bwana Mkuu, ulisema utaangalia."

"Tumeangalia, mama."

"Jina sikulitaja! Sikulitaja popote!"

"Kweli, hukulitaja. Mimi nilikuwa sijui hata kama ni mwanao. Mmeniambia wenyewe sasa hivi, wewe na yeye." Akawageukia askari. "Andikeni kwamba ana mama, ana makazi."

"Bwana Mkuu," Mkufunzi alisema, na sauti yake laini ilikuwa imekauka, "hatukukubaliana hivi."

"Tulikubaliana kuutetea msitu, dada. Kama kuna tulipokosana, niambie mapema. Kambi mwakani naweza kumpa mwingine."

Mkufunzi alifungua mdomo. Aliwatazama wageni wake mmoja mmoja, akaufunga.

Walimrusha Masizi juu ya magunia. Mama yake alishika ukingo wa pikapu, akakimbia nao hatua chache, kisha ukingo ukamponyoka. Alibaki amesimama kwenye vumbi, viganja vimejaa weusi wa mkaa. Watu wawili walikwenda kumshika, wakamrudisha kitini na kumpa maji. Maji yalimmwagikia kifuani.

Mmoja wa wageni alikuwa akilia waziwazi.

"Jamani," Mkufunzi alisema hatimaye. Alikuwa amefumba macho, mkono kifuani. "Haya tunayoyasikia sasa hivi mwilini, tusiyaache yapoe. Ndiyo maana tuko hapa. Fungueni kurasa mpya. Andikeni."

Kalamu zikaanza, moja, halafu nyingine, halafu zote, zikikwaruza kama wadudu kwenye majani makavu. Hakuna aliyeinua kichwa. Mama Masizi aliwatazama mikono, jinsi ilivyokuwa ikienda haraka.

Binti wa mjini, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni, alimwinamia taratibu.

"Samahani, mama. Shati lake. Lilikuwa la kijani au la bluu? Sitaki nikosee."