Nyumba ya Zelphia Yapelekwa Uwanja wa Maonyesho

Bi Corinne Hasselbring alipomaliza kuisifu ile nyumba ya zamani, Zelphia Boatright alikuwa amekwisha kumweka katika kundi la wapumbavu, wala hakujisumbua kulificha hilo.

"Inapumua, Bi Zelphia," Bi Corinne alikuwa akisema, mikono ikichora hewani. "Sakafu imeinuliwa juu ya nguzo, hewa inapita chini. Dari iko juu, joto linapanda lisimguse mtu. Baraza zimezunguka pande zote, jua haligusi ukuta. Na ule uwazi wa katikati! Vyumba huku, vyumba kule, na upepo unapita kati kama maji. Wazee wenu walikuwa na akili jamani."

"Nyoka nao walipita," Zelphia alisema.

Bi Corinne akacheka, akidhani ni utani.

Walikuwa wameketi katika sebule ya nyumba ya matofali ya saruji ambayo Durward, mwanawe Zelphia, alimjengea mama yake mwaka wa 1963. Kiyoyozi kilikuwa kikinguruma dirishani. Mgeni alikuwa amevaa sweta, maana baridi ilikuwa imemwingia, na nje ilikuwa Mei ya Florida, joto linalomfanya ng'ombe asimame ndani ya bwawa mpaka shingoni. Mwanamke ametoka Ohio juzi tu, miaka minane haijatimia, sasa ni mwenyekiti wa kamati ya kuhifadhi mambo ya kale ya wilaya, na amekuja kumfundisha Zelphia habari za upepo huku amejifunga sweta. Zelphia alivitazama vile vifungo vya sweta, akajisemea moyoni kwamba Mungu ana subira kubwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa imesimama tupu ndani ya shamba la machungwa la Durward. Baba mkwe wa Zelphia aliijenga kwa mbao za msipresi alizopasua mwenyewe, wakati ambapo huku hakukuwa na barabara wala duka, ila ng'ombe wa porini na mbu. Zelphia aliingia humo akiwa bibi harusi wa miaka kumi na saba, akatoka mjane wa sitini na tatu.

"Tungependa kuihamishia kwenye uwanja wa maonyesho," Bi Corinne alisema, "watu waione. Durward amekubali. Na siku ya kuifungua, sikukuu ya Uhuru, tunaomba uketi barazani na kofia yako ya kizamani. Ile ya kitambaa, yenye kingo ndefu."

"Kofia hiyo niliipasua matambara ya kusafishia jiko."

"Tutakushonea nyingine, usijali!"

Mgeni alipoondoka, Durward aliingia kupitia mlango wa jikoni, kofia mkononi, mtu wa miaka hamsini na mbili anayetembea kama aliyevunja sahani.

"Umewapa nyumba yangu," Zelphia alisema.

"Mama, umesema mara ngapi niichome moto?"

"Kuichoma ni kitu kingine. Kitu ukikichoma, haji mtu kukivalisha maua."

"Basi niwaambie hapana?"

Zelphia alichukua bilauri ya mgeni, akaitazama ile rangi ya mdomo iliyobaki ukingoni, akaipeleka kwenye sinki. "Waache wachukue. Wakalale humo wiki moja mwezi wa nane. Nitawaletea uji wa mahindi."

Lakini hasira yake haikuwa kwa sababu ya uongo. Kila alichosema Bi Corinne kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Upepo ulipita, ndiyo. Ulimpitia Hoyt, mumewe, aliyetandika godoro lake katika ule uwazi wa katikati kila alasiri na kukoroma kama mfalme, wakati yeye Zelphia alikuwa kwenye jiko la nje, kibanda kilichotengwa ili moto na joto visiifikie nyumba. Kibanda hicho hakikuwa na upepo. Aliyejenga nyumba hakukipangia upepo, kwa kuwa hakukusudia kukaa humo. Huko ndiko alikokaanga kambare na kuchemsha nguo kwa miaka arobaini na sita, jasho likidondokea kwenye unga. Wanaoisifu nyumba husimama barazani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza jiko lilikuwa wapi.

Sikukuu ilipofika, Durward alimpeleka uwanjani kwa gari. Kofia mpya ilikuwa mapajani mwa Zelphia, ina maua ya bluu, kofia ambayo hakuna mwanamke wa huku angeivaa hata kulishia kuku. Watu walikuwa wengi: familia nzima nzima, wanachama wa kamati katika nguo nyeupe, diwani mmoja aliyefunga tai. Na katikati ya nyasi zilizokatwa ilisimama nyumba.

Zelphia alishuka, akasimama, akaitazama. Kisha akalowesha kidole kwa mate, akakiinua.

"Durward. Hii nyumba nani kaiweka hivi?"

"Waliitaka ielekee maegesho, Mama. Watu waione wakishuka kwenye magari."

"Upepo unatoka kule." Alielekeza kusini-mashariki. "Uwazi unatakiwa uufungulie mdomo. Wao wameupa upepo ubavu. Wameisafirisha maili kumi na mbili kwa sababu inapumua, kisha wameiziba pua!"

"Taratibu, Mama, watakusikia."

"Si ndiyo nataka?"

Ndani ya ule uwazi joto lilikuwa limesimama kama maji ya kwenye pipa. Wanakamati walikuwa wakijipepea kwa karatasi za ratiba na kuambiana, kwa sauti za watu wanaokaribia kuzimia, jinsi wazee walivyojua kujenga. Zelphia alipita katikati yao bila salamu, akaingia chumba cha upande wa mashariki. Alipofika dirishani alisimama, mkono ukiwa umeinuka na hakuna kitu cha kugusa.

Fremu ilikuwa wazi. Wavu wa mbu haukuwepo.

Akaenda dirisha la pili, na la tatu. Yote wazi, yamepakwa mafuta yakang'aa.

"Bi Corinne," aliita, na sauti yake ilitoka kavu. "Nyavu zangu ziko wapi?"

Bi Corinne alikuja akitabasamu, uso mwekundu kwa joto. "Ah, zile za mbu! Tuliziondoa, Bi Zelphia. Hazikuwa za asili. Tumeirudisha nyumba ilivyokuwa siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza."

"Kabisa. Kama alivyoiacha mjenzi."

Zelphia alitoka barazani. Kiti chake cha kuyumba kilikuwa kinamsubiri na diwani alikuwa ameanza kupiga makofi, na umati ukafuatia, maana walidhani bibi ametoka kuhutubia. Hakuketi.

"Nilikuwa na binti, jina lake Iva," alisema. Makofi yakapungua, yakaisha. "Alikuwa na miaka sita. Nilimwambia mume wangu tuweke wavu madirishani, maana kila kiangazi watoto wanatetemeka kwa homa. Akasema wavu utazuia upepo. Akasema baba yake aliishi bila wavu. Iva akafa Septemba, katika chumba hicho cha mashariki, na upepo ukipita vizuri sana."

Mtu mmoja alikohoa. Bi Corinne alinong'ona, "Bi Zelphia, pengine tungeanza na wimbo..."

"Nyamaza, mama. Hujui unachokisema." Hakumgeukia hata kidogo. "Hoyt alikwenda na ng'ombe wiki mbili. Nilichukua nyundo yake, nikapigilia wavu kila dirisha, peke yangu, mimba ya miezi saba ikinitangulia. Aliporudi, aliangalia, akauacha. Na tangu siku hiyo sikuzika mtoto mwingine. Nyie mmeisifu mpaka mbao. Kitu kimoja tu kizuri kilichowahi kutiwa kwenye nyumba hii, mmekitupa. Mmekitupa wapi?"

Mfanyakazi mmoja wa uwanjani, aliyesimama nyuma na ufagio, alisema, "Ziko nyuma ya banda la ng'ombe, bibi. Sijazipeleka jalalani bado."

"Durward."

Durward alikwenda. Alirudi amebeba fremu saba begani, zenye wavu wa shaba uliogeuka kijani, na nyundo ya kuazima. Mama yake aliichukua ile nyundo mkononi mwake, akatia misumari mdomoni, akaanza na dirisha la chumba cha mashariki. Msumari wa kwanza ulipinda. Akaung'oa, akapiga mwingine. Durward alishika fremu. Nje watu walisimama juani wakisikiliza nyundo, hawajui kama waondoke au wavue kofia. Diwani alitazama saa.

Zelphia alipokuwa kwenye dirisha la nne Bi Corinne aliingia, macho yamemvimba. "Sikujua," alisema. "Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza. Ulikuja kuniambia." Zelphia alitema msumari kiganjani. "Shika hapo chini, usisimame tu."

Bi Corinne alishika. Mikono ilimchafuka kutu ya kijani hadi kwenye nguo nyeupe, naye hakuiachia mpaka fremu ya saba.

Kamati ilikaa vikao vitatu kuhusu kuigeuza nyumba ikabili upepo, na katika kila kikao walikubaliana kwamba Bi Zelphia alisema kweli, kisha wakaiacha ielekee maegesho. Nyavu hazikuguswa tena. Karibu na mlango waliandika kibao kuhusu Iva, wakakosea mwaka, na Durward alipomweleza mama yake, Zelphia alisema hakutarajia zaidi ya hapo kwa watu wale.

Hakurudi kule. Wanawake wa kanisani walipomuuliza kama hatamani kuiona nyumba yake ilivyopendeza, aliendelea kumenya bamia.

"Nimekaa humo miaka arobaini na sita," alisema. "Nendeni nyie."