Mlango wa Mtiki

Kaka mtu alijiita Injinia kwa sababu aliwahi kukaa chuoni miezi mitatu, miwili kati yake akiumwa. Fundi, mdogo wake wa kike, alilisikia jina hilo kila asubuhi, na kila asubuhi lilimkera. Debe tupu haliachi kuvuma.

Baba yao, aliyechoka kuwaamua ugomvi wa nani ataachiwa karakana yake, akasema tela ambalo Fundi alikuwa akimuundia Mwalimu ndilo litakaloamua. Mwalimu huyo mstaafu akilikubali, funguo za karakana ni za binti; akilikataa, ni za Injinia. Mwalimu mwenyewe alikuwa na sharti moja tu: kigari chake hakiwezi kuvuta zaidi ya kilo mia tatu.

Fundi alilichora na kuliunda tela hilo la kulala safarini kwa miezi miwili. Kitanda cha watu wawili, jiko dogo nyuma, mbavu za mbao laini zilizotobolewa matundu ili zipungue uzito, na juu yake plaiwudi nyembamba iliyoshikwa kwa gundi tupu. Alipima vipande kwenye mizani ya jikoni na kuandika kilo zake ukutani kwa penseli. Injinia alipita akigonga plaiwudi kwa kidole.

"Mbao bila chuma ni kikapu," alisema.

Fundi alimpa mgongo na kuendelea kupaka gundi.

Ijumaa walilivuta tela hadi kwenye mizani ya ghala la nafaka, Mwalimu na baba yao wakitazama. Mshale ukasimama kwenye mia tatu arobaini na saba. Fundi aliinama chini ya tela. Pembe zote nne zilikuwa zimefungwa vyuma vinene.

"Hivi ni vya nani?"

"Nilikusaidia jana ulipokuwa msibani, dada," alisema Injinia. "Barabara zina mashimo."

"Mashimo yako kichwani mwako. Lete spana."

Alivifungua kimoja kimoja na kuvidondosha miguuni pa kaka yake, bila haraka, ili kila mtu asikie vikianguka. Alifurahi sana, na hakujificha.

"Wewe ukipenda kitu, lazima ukilemeze," alimwambia. "Hata ukiambiwa kitaharibika, huwezi kujizuia. Nyani haoni kundule."

Walipima tena. Mia tatu na tisa.

Baba yao ndiye aliyeuliza, kwa upole, "Mlango una kilo ngapi, mwanangu?"

Mlango ulikuwa wa mtiki mtupu, mbao nzito. Fundi alikuwa ameuchonga majani kwa patasi kwa jioni kumi na moja, na ulipendeza kuliko chochote alichowahi kutengeneza. Katika orodha yote ya ukutani, mlango peke yake haukuwa na namba. Hakuwa amesahau. Aliogopa kuupima.

"Lakini huo ndio uzuri wa tela," alisema, akajisikia anaongea kama Injinia. Aibu ilimshika hadi masikioni.

Injinia aliokota bisibisi, akaifuta kwenye suruali na kumpa. Hakucheka, na hilo lilimuuma Fundi kuliko matusi.

Alifungua bawaba ya juu, kisha ya chini. Mshale ukashuka hadi mia mbili tisini na tano.

"Mlango wa plaiwudi utanitosha," alisema Mwalimu. "Nalichukua."

Fundi aliulaza mtiki wake juu ya vyuma vya Injinia, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuuweka. Baba yao akampa funguo, naye akazipokea bila kumtazama mtu.