Watu wa Nyumbani Hawahesabiwi

Mama mkwe wangu, Mama Musonda, alikuja kwenye mtihani bila kualikwa. Alikaa kwenye benchi nyuma yangu, mkoba wa safari miguuni, kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake. Na mzigo wenyewe ni binti yangu Lydie, mwenye miaka minne. Mume wangu Clément, ambaye mbele ya mama yake hana ulimi, alikuwa amekwisha kukubali: shule hii ya chekechea ya mtaa wa Golf ikimpokea mtoto, atabaki nami; isipompokea, ataenda kijijini Lukafu na kambo yake, huyu bibi, mpaka afikishe miaka sita. Mimi nashona nguo mchana kutwa, na mtu wa kumwachia sina.

Tangu mdogo wake Lydie, Kapya, afariki mwaka jana, mama huyu ananitazama kama mchawi. Kosa langu? Mgeni aliniuliza nina watoto wangapi, nikajibu, "Wawili." Wiki ile ile Kapya akashikwa na malaria. Watu hawahesabiwi, anasema Mama Musonda. Ukiwahesabu, mmoja anaondoka. Alimwimbia Lydie maneno hayo asubuhi na jioni, nami nikanyamaza ili nyumba iwe na amani. Amani gani? Nilikuwa mjinga.

Mwalimu, Madame Gaëlle, alimpa Lydie vifuniko vya chupa. Mtoto akavihesabu mpaka kumi na mbili. Akataja rangi, akashika kalamu vizuri, akabeba kikombe cha maji bila kumwaga hata tone. Niligeuka nikamwonyesha mama mkwe meno yangu yote.

"Très bien," alisema Madame. "Sasa, Lydie, ku nyumba yenu beko bantu ngapi? Hesabu."

Lydie akafunga mdomo.

"Unaona?" Mama Musonda akadakia. "Mutoto anajua heshima. Weye njo haujui."

"Munyamaze, mama!" Sijawahi kumwambia hivyo, na nilijisikia vizuri.

Madame alikuwa amekwisha kuinamia karatasi yake. "Mutoto mwenye hajue kuhesabu famille yake, haiko prêt kuanza masomo."

Nilimshika Lydie bega, nikambana kuliko nilivyokusudia. "Hesabu! Hesabu sasa hivi, ao utaenda Lukafu!"

Machozi yakamjaa. Alinitazama mimi, akamtazama kambo yake, akanitazama tena. Kisha akaweka kidole kifuani mwake.

"Moja," akasema.

Tukangoja.

"Moja tu?" aliuliza Madame. "Na papa? Na mama?"

Lydie alitikisa kichwa. "Moja. Ni miye tu."

Madame akacheka, akaandika sifuri. Mimi sikuweza kucheka. Nilielewa: mtoto wangu alikuwa amelazimishwa kuchagua nani aondoke, akajitoa mwenyewe.

Nyuma yangu benchi lilianguka. Mama Musonda alimpita Madame, akapiga magoti mbele ya Lydie.

"Hapana, mama yangu, hapana. Nilikudanganya. Hakuna muntu anakufwaka juu ya kuhesabiwa."

"Sasa Kapya?" Lydie akauliza.

Yule mwanamke alinitazama. Alitafuta pa kujificha, hakupata, na mimi sikumsaidia.

"Kapya alikufwa na malaria," akasema. "Haiko mama yako njo alimuua."

Mwaka mzima nilikuwa nangoja maneno hayo. Nilikuwa nimeapa kwamba siku nitakapoyasikia nitamcheka usoni. Sasa yalikuwa yamesemwa, mbele ya shahidi, na Lydie hakuyaamini. Nilijaribu kumwondoa kidole kifuani, taratibu, nikimwambia tunaenda nyumbani. Alikikaza pale pale, akamwangalia Madame, akarudia kwa sauti kubwa zaidi ili aandike vizuri:

"Ni miye tu."