Tini Isiyomngoja Mdudu

Shangazi wa mumewe Fundi alipohamia kwao, alishuka kwenye basi akiwa na sanduku moja na taulo bichi alilolikumbatia safari nzima. Ndani ya taulo mlikuwa na vijiti vitano, kila kimoja unene wa penseli na urefu wa shibiri moja.

"Mtini wa nyumbani kwa baba yangu," alisema hata kabla ya kusalimiwa. "Tini zake, ngumi yangu hii hapa. Nitafutieni udongo."

Mke wa nyumba ile alikuwa fundi miwani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alivitazama vijiti, kisha akatazama nje. Ilikuwa saa nne asubuhi na jalidi, umande ulioganda, bado ilikuwa nyeupe juu ya paa la jirani. Alikuwa kwenye ndoa mwaka wa kumi na mbili, alishajua pa kufunga mdomo.

Vijiti havikutiwa kwenye udongo moja kwa moja. Shangazi alivizungushia gazeti lenye unyevu, akavitia kwenye mfuko wa plastiki na kuviweka juu ya friji, mahali pekee jikoni palipokuwa na joto mchana kutwa. Kila siku aliufungua mfuko, akachungulia, akaufunga. Vitatu viliota ukungu vikaoza. Viwili vilitoa mizizi myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea. Siku hiyo Shangazi hakula mpaka kila mmoja nyumbani alipokwenda kuiona.

Mwaka wa pili miti hiyo miwili, sasa ndani ya ndoo kubwa uani, ilizaa. Tini kumi na saba. Shangazi alizihesabu kwa kidole kila asubuhi. Zilikua zikafikia ukubwa wa dole gumba. Kisha zikageuka manjano, zikasinyaa, na ndani ya wiki moja zote zikawa chini.

"Ni wewe," Shangazi alimwambia Fundi. "Unamwagia maji kama unaosha gari."

Fundi hakubisha, lakini jambo lile lilimkaa kichwani. Mti uliozidiwa na maji huacha kwanza majani, na majani haya yalikuwa mazima, ya kijani, makubwa kama sahani. Aliziokota tini tatu, akaenda nazo kazini, na mteja wa mwisho kabla ya chakula cha mchana alipoondoka akazipasua kwa wembe na kuziweka chini ya kioo chake cha kukuzia.

Alichokiona kilimshangaza. Ndani ya tini hapakuwa na nyama ya tunda kama alivyodhani. Palikuwa na maua, mamia ya maua madogo yaliyogeukia ndani. Alibofya mbegu moja kwa ncha ya koleo. Ilikuwa ganda tupu. Akabofya nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa hewa.

Jumamosi alikwenda kwenye kitalu kilichokuwa nje kidogo ya mji, kwa mtu mrefu mwenye buti za mpira aliyeitwa Bwana Miche. Alimwekea tini zile mezani.

"Hizi zimemngoja mtu hakuja," Bwana Miche alisema.

"Nani?"

"Mdudu. Jamii ya nyigu, mdogo kuliko punje ya ufuta. Huingia kwa kile kitundu cha chini akiwa amebeba chavua. Zipo aina za tini ambazo asipoingia yeye, zinaanguka. Na huku kwetu hakai, baridi inammaliza."

"Zote ziko hivyo?"

"La. Zipo zinazoiva bila kumngoja mtu." Akafuta mikono kwenye suruali. "Lakini hata hizo, usiniulize ipi tamu. Niulize ipi inaiva kabla baridi haijarudi. Na hilo sitakujibu mimi, atakujibu mti uliokwisha kaa hapa miaka."

Kuanzia siku ile, kila aliyekaa kwenye kiti cha kupimiwa macho aliulizwa swali ambalo halikuwa la macho. Mtu angekuwa na fremu puani, kidevu juu ya kishikizo, hana pa kukimbilia, na Fundi angesema taratibu, "Samahani, nyumbani mna mtini?" Kwa njia hiyo aligundua mitini sita mjini. Minne haikuwahi kuivisha hata tunda moja. Ikabaki miwili.

Wa kwanza ulikuwa nyuma ya duka la mikate, umeegemea ukuta, mrefu, umejaa tini nyeusi zinazopasuka kwa utamu. Mwokaji alimchumia moja akamwangalia akiila.

"Huu ndio mtini wa mji huu," alisema. "Mingine ni kuni."

Fundi alikubali kwa kichwa huku mdomo umejaa. Kisha akaegemea ukuta, na mara akauondoa mgongo. Ukuta ulikuwa wa moto.

"Tanuri liko hapa nyuma?"

"Hapo hapo. Mwaka wa ishirini sasa."

"Sasa jirani, utajuaje kama ni mti ndio hodari, au ni ukuta?"

Mwokaji alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama mtoto wake anaibia kwenye mtihani. Kijiti alimpa, ila hakumsindikiza mpaka mlangoni.

Mtini wa pili ulikuwa kwa muuguzi mstaafu ambaye watu walizoea kumwita Sista. Ulisimama kwenye mteremko, upepo unaupiga kila upande, mfupi, umevurugika kama kichwa kisichochanwa. Sista aliukata kila mwaka kwa msumeno kwa sababu ulimzuilia kamba ya nguo.

"Hauzai," alisema. "Isipokuwa lile tawi nyuma ya tangi. Lile kila mwaka linanipa kama kumi hivi, mapema, kabla sijaanza hata kuvuna mboga."

"Kwa nini lile tu?"

"Msumeno haufiki."

Fundi alijipenyeza nyuma ya tangi. Tawi lilikuwa limeshaacha majani, na kwenye gome lake aliona makovu ya mviringo mahali tini zilipokuwa zimekaa. Yote yalikuwa kwenye sehemu ngumu iliyoota mwaka uliopita. Kwenye machipukizi mapya hapakuwa na kitu. Alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mti huu ulizaa kwenye matawi ya mwaka jana, ukaanza mapema, ukamaliza kabla ya baridi. Sista, bila kujua, alikuwa akikata mavuno yake kila mwaka.

"Sista," alisema akitoka na utando wa buibui kichwani, "naomba vijiti vitatu. Na tafadhali mwaka huu uuache msumeno."

Sasa ikabaki kumweleza Shangazi. Alimweleza jikoni, bila kuzunguka, akamwonyesha mbegu tupu chini ya kioo. Shangazi alikaa nacho muda mrefu, jicho moja limefumbwa.

"Kwa hiyo mdudu amebaki kule," alisema mwishowe.

"Amebaki, Shangazi."

"Na mimi nimekula wadudu miaka sitini."

"Bwana Miche anasema wanayeyuka humo humo ndani."

Shangazi alicheka, lakini kicheko kilikatika, akainuka akaenda chumbani. Siku tatu hakukanyaga uani. Fundi alizimwagilia zile ndoo mbili mwenyewe, akiwa na hisia ya mtu aliyeleta habari za msiba. Siku ya nne, Shangazi alisimama mlangoni na shali yake.

"Huo wa Sista," alisema, "majani yake yana vidole vitatu au vitano?"

"Sikutazama. Yalikuwa yameshaanguka."

"Umechagua mti hujatazama majani?" Akatikisa kichwa. "Lete vijiti nivione."

Walivipanda pamoja, kijiti kimoja cha mwokaji na vitatu vya Sista, kila kimoja kikiwa na jina lake kwenye kipande cha plasta. Vyote vinne vilishika. Mwaka uliofuata havikuzaa kitu. Mwaka wa baada ya huo, mche wa mwokaji ulitoa tini ishirini na tisa kwenye machipukizi mapya, na baridi ikazikuta zote ngumu kama mawe. Mmoja wa Sista, mdogo kuliko wote, ulizaa sita kwenye tawi la mwaka uliotangulia. Ziliiva katikati ya kiangazi, ngozi ya kijani, ndani rangi ya jamu.

Shangazi alikula ya kwanza akiwa amesimama. Wote walimngoja, mumewe Fundi akiwa na kisahani mkononi kana kwamba atapewa majibu ya hospitali.

"Si ya baba yangu," Shangazi alisema. Akaitafuna tena. "Ile ilikuwa na mbegu zinazolia kwenye meno. Hii ni laini. Lakini ni tini. Hii ni tini kabisa."

Mwaka huo huo mwokaji alinunua tanuri la umeme, akaliweka upande wa mbele wa duka. Kiangazi kilipokwisha, alikuja kwa Fundi bila miwani ya kutengeneza, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Fundi, mti wangu unaumwa. Tini hazijaiva hata moja."

Fundi alimtengea chai kwanza. Halafu akamwambia pole pole, na mwokaji akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akizungusha kikombe. Hakukasirika safari hii. Aliuliza tu tawi la kukata lisizidi unene gani.

Shangazi ndiye aliyemkatia kijiti, kwenye mche wa Sista. Zile ndoo mbili za kwanza hakukubali ziondolewe. Alisema ana haja na majani. Lakini siku hizi akipiga simu nyumbani haulizi tena nani kaoa na nani kahama. Humwagiza mdogo wake atoke nje na simu, asimame chini ya mtini mmoja baada ya mwingine.

"Huo mwembamba wa kisimani," Fundi alimsikia juzi akisema. "Ukipasua tini yake iliyoiva, mbegu zimejaa au ni tupu? Basi nenda ukapasue. Nangoja."