Kila Amplifaya Imefifia

Kazini mume wangu wanamwita Sikio, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Ndiye anayekaa wa mwisho kwenye mitambo ya studio kabla wimbo haujatoka, na akisema besi imezidi, imezidi. Mimi namwita Baba, kwa sababu ya watoto, na siku akinichosha simwiti kabisa.

Spika zake zimekaa sebuleni kama wakwe: ukipita karibu unapunguza mwendo, na hakuna anayethubutu kuziwekea kikombe kichwani. Zinanifika kifuani na zina ulafi wa umeme. Amplifaya ndogo ikizibeba inapata moto na sauti inalegea, ndiyo maana akaanza kutafuta kubwa ya kuzimudu. Rafiki yake mwenye duka la mitambo akawa anamletea moja moja aijaribu nyumbani, maana amplifaya haichaguliwi dukani. Lazima uisikie na spika zako, ndani ya kuta zako. Hayo nimeyajua bila kupenda.

Ya kwanza ilipowashwa nilikuwa nimetoka kazini, miguu inawaka moto. Mimi napima macho na kuuza miwani, kutwa nzima nauliza watu, "Ipi inaonekana vizuri, hii au hii?" Nikafika nyumbani, mume akanikalisha kwenye kochi katikati ya spika na kuniuliza swali langu mwenyewe.

"Matoazi yako wapi?" alisema. "Hebu sikiliza. Imefifia, au mimi ndiye mwendawazimu?"

Matoazi yalikuwepo, tena yalilia vizuri sana. Lakini nilitaka kwenda kuvua viatu. Nikasema, "Kweli, imefifia."

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Ikaja ya taa, zile taa za kioo zinazowaka kama makaa, ikaigeuza sebule kuwa jiko. Imefifia. Ikaja nyingine ya kubebwa na watu wawili. Imefifia. Mara moja nilijikaza nikasema hii ni nzuri, tuichukue, yaishe. Alinitazama kwa huruma.

"Leo umechoka, mama. Hata mtoto angesikia kwamba sauti za juu hakuna."

Nikarudi kwenye uongo wangu kama mbuzi kambani.

Wakati huo nilishajua. Birika letu hupiga mbinja maji yakichemka. Siku moja alikuwa amekaa kando yake anasoma gazeti, mbinja inalia, inalia, mpaka nikatoka bafuni na povu kichwani kuizima. Kazini kwangu huja watu wanaogomba kwamba herufi za ukutani zimefutika, tubandike mpya. Siwacheki. Nawavalisha lenzi, wananyamaza. Yeye nimvalishe nini?

Kisha bosi wake akanipigia simu. "Shemeji, huyu jamaa ana nini? Nyimbo anazotoa siku hizi sauti za juu zimezidi, zinachoma masikio. Nikimwambia, ananijibu nibadilishe spika za studio. Wasanii wameanza kutukimbia."

"Amechoka tu," nikasema. Huo uongo ulitoka mwepesi kuliko wa kwanza.

Ningesema ukweli, wangemtoa kwenye kile kiti, na mtu aitwaye Sikio ukimtoa pale unamwacha na nini? Nikinyamaza, amplifaya zingeendelea kuja, na mimi nipo kwenye kochi, nikishuhudia kwamba zote ni mbovu. Nilianza kuziogopa Jumamosi. Ndizo siku ambazo gari la mwenye duka lilikuwa likisimama getini.

Nilijaribu, kwa utani. "Si ukapimwe masikio, basi tu, roho zetu zitulie?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi? Umewahi kuona samaki akifundishwa kuogelea?"

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikasema. Akadhani nalitania jina lake, akacheka zaidi.

Jumamosi iliyofuata mwenye duka alikuja na amplifaya nyeusi na uso uliokunjamana. "Kaka, hii nayo ikififia, tatizo si langu. Leo nimekuja na kipimo."

Kipimo chenyewe kilikuwa sauti moja tu, inaanza chini kabisa na kupanda taratibu, ikizidi kuwa nyembamba, mpaka pale sikio la binadamu linapoachia. Kama amplifaya ina kasoro, alisema, sote watatu tutasikia inapokatika. Tukakaa. Ikapanda. Haikuwa imefika mbali, Baba akanyoosha mkono.

"Hapo! Imekata. Si niliwaambia?"

Haikuwa imekata. Ilikuwa inalia, nyembamba, inatoboa. Mwenye duka alinitazama, nami nikamtazama, tukashusha macho wote wawili. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia pale kwenye kochi. Sauti ikazidi kupanda hadi nikashindwa, nikakunja uso na kuinua bega kuziba sikio.

Aliniona. Mkono wake ulikuwa bado juu.

"Bado inalia?"

Nililishusha bega. Akamgeukia rafiki yake, naye alijifanya anakagua waya.

"Mama. Bado inalia?"

"Bado," nikasema.

Akaushusha mkono. "Na zile nyingine?"

"Zilikuwa nzuri. Zote."

Nilingoja anifokee, ningefarijika. Mwenye duka alizima mtambo, akasema polepole kwamba kuna madaktari, kuna vifaa siku hizi. Baba alikuwa ananiangalia usoni, wala si kwa hasira. Aliniangalia vile anavyouangalia mtambo mpya, akitafuta unapowashiwa. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa kumwambia.

"Hii iache," alimwambia rafiki yake. "Nimeichagua." Kisha akanisogelea. "Basi dawa tunayo. Utakuja studio. Utakaa kando yangu, mimi nitakuwa nautazama uso wako. Ukiukunja, napunguza. Hakuna atakayejua."

"Na kazi yangu?" nikauliza. Nilisema kwa sauti ya kawaida, na alikuwa ananitazama midomoni.

"Jumatatu tutoke mapema," akasema, "kabla ya foleni."